Picha za Mikorosho

Veridiana alisoma Darasa la Sita katika shule moja ya msingi huko Mkunya, wilayani Newala. Kila asubuhi alifika na dumu lake la maji, akafagia sehemu yake ya uwanja, kisha akaketi dawati la mbele. Katika somo la TEHAMA hakuwa na mpinzani. Kwa muda mrefu shule haikuwa na kompyuta, hivyo ilichorwa ubaoni na wanafunzi wakakariri majina ya sehemu zake. Veridiana aliyajua yote. Jirani yake darasani, Dadi, aliyachanganya na kuchekwa.

Mwaka huu alihamia Mwalimu Shamila, na shule ikapata kompyuta mpakato moja. Mwalimu aliwaeleza kuwa mtaala umebadilika, na kwamba sasa watajifunza kwa kutenda. Akawapeleka mashambani na kishikwambi chake, wakapiga picha za mikorosho yenye ubwiriunga, ugonjwa unaoacha unga mweupe kwenye maua na majani machanga. Picha zikaingizwa kwenye kompyuta ili wazazi wazione katika kikao cha Ijumaa. Wanafunzi wakapokezana kuzipanga.

Zamu ya Dadi ilipokwisha, Veridiana aliketi mbele ya mashine. Hakujua la kufanya. Mwalimu alikuwa mlangoni akizungumza na mzazi. Angeweza kumwita, lakini aliona aibu, yeye aliyezoea kupata alama zote. Akabonyeza hapa na pale. Mara picha zote zikatoweka. Akaifunika kompyuta, akatoka.

Mchana Mwalimu aliuliza nani amezifuta. Darasa zima likamgeukia Dadi, aliyezoea kukosea; hakuna aliyemdhania Veridiana. Alisema picha zilikuwepo alipoondoka, lakini wenzake wakaguna. Dadi akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Veridiana alimtazama, akajaribu kunyamaza, akashindwa. Akasimama.

"Mwalimu, ni mimi. Sikujua kuitumia, nikaogopa kuuliza."

Mwalimu Shamila hakumkaripia. Alimwambia aanze na Dadi. Veridiana akamwomba radhi mbele ya wote. Dadi akaitikia kwa kichwa tu.

Kisha Mwalimu akawaita wote wawili kwenye kompyuta. Aliwaeleza kuwa kitu kikifutwa hukaa kwanza kwenye kapu la taka la kompyuta, na kutoka humo kinaweza kurudishwa. Yeye mwenyewe hakugusa kitu. Veridiana alisita. Dadi akamwonyesha alama yenye mchoro wa kapu, naye akabonyeza. Picha zote zilikuwa humo, wakazirudisha.

Siku ya Ijumaa wazazi walizitazama kwa makini, na wengine wakabaki kuulizana wakati mzuri wa kupuliza salfa, dawa ya ugonjwa huo. Walipoondoka, Mwalimu aliketi na wanafunzi wake.

"Huko nilikotoka nilifundisha miaka mingi kwa mchoro wa ubaoni," alisema. "Nilisahihisha majibu mazuri ya watoto wasiowahi kugusa kompyuta, nikadhani wanajua. Sasa tuna mtaala mpya na mashine mpya, lakini havitatusaidia ikiwa mtoto bado anaona aibu kusema hajui. Veridiana, siku ile ungeniita, ningekuja, na Dadi asingedhaniwa mharibifu mbele ya wenzake. Kama hujui, sema hujui. Ukiharibu, sema umeharibu. Hapo ndipo mimi ninapoweza kukufundisha."