Kiti Kilichotoa Mafuta

Asubuhi ile Klavdia alibeba ndoo na matambara kama kawaida, akaenda kufuta vifaru vya kivita vya makumbusho nje kidogo ya Moscow. Vyote vilikuwa vya majaribio, vilivyoundwa kimoja kimoja na kukataliwa na jeshi. Hakuwa na shida navyo, isipokuwa kimoja. Kiti cha dereva wake kilitoa mafuta. Si ya injini. Yalikuwa meupe, yameganda kama ya supu ya nyama iliyolala, na yana vinyweleo ndani. Akifuta Jumatatu, Jumanne yapo. Uchafu gani huu, jamani?

Na sasa wakubwa walikuwa wamemchagua Yegor, mwanawe wa pekee, akiendeshe mbele ya wageni.

"Mwanangu, usiingie humo."

"Mama naye! Nitakalia gazeti."

Mzee Prokhor, fundi wa vifaru, akamvuta Klavdia kando. "Mzinga ukikaa mbele, kifuniko cha dereva hakifunguki," akanong'ona. "Ndiyo maana kilikataliwa. Siku ya majaribio kilishika moto, dereva akabaki ndani. Walimkwangua kwa mwiko."

"Na mnamtia mwanangu humo humo?"

"Nimeugeuzia pembeni, nimeufunga mnyororo. Na juu kwa mpiga mzinga hamna mtu."

Saa sita mchana kifaru kikanguruma. Wageni wakapiga makofi. Kisha Klavdia akaona mnyororo umelala majanini.

Mzinga uligeuka. Polepole. Ukasimama juu ya kichwa cha mwanawe.

Injini ikazima. Ndani, mtu akagonga.

Kisha wakagonga wawili.

Prokhor na wanaume wanne walisukuma mzinga mpaka ukasogea. Kifuniko kilipofunguka, harufu ya nyama iliyochemshwa ikawapiga usoni, na mmoja wao akatapika palepale. Yegor alitolewa hai, amepakwa mafuta meupe hadi kwenye kope, amebana midomo.

Klavdia, aliyekuwa akiyagusa mafuta yale kwa glavu tu, alimpangusa kwa mikono mitupu.

"Tema, mwanangu. Tema chochote kilichomo."

Akatema. Lilikuwa jino, limevikwa chuma kama yalivyovikwa meno ya watu enzi za Wasovieti.

Klavdia akamtia kidole kinywani, akapapasa juu na chini, nyuma na mbele. Meno ya mwanawe yalikuwa kamili.