Unyoya wa Kila Jumanne

Jumamosi hiyo ukumbi wa bingo ulikuwa umefurika. Nje, Winipegi nzima, mji wetu wa Kanada, ilikuwa imeganda kwa baridi ile ya Januari inayoshikanisha kope. Ndani akina mama wamevua makoti, wameinamia kadi zao kama walimu wanaosahihisha mitihani, na harufu ya baniki, mkate wetu wa kukaanga, imejaa kutoka jikoni hadi mlangoni.

Delphine Okemow alikuwa amevaa koti lake jekundu la doria, nywele amezisuka mkia mmoja mrefu. Jicho lake, ingawa asingekubali ukimuuliza, halikuwa kwenye kadi yake hata kidogo. Lilikuwa kwa jirani yake, mwanamume wa mabega mapana aliyevaa shati la drafti lililopigwa pasi mpaka mistari imesimama. Kadi ya mwanamume huyo ilikuwa imejaa, na mwenyewe amekaa kimya tu.

"Kaka, umeshinda," Delphine akamnong'oneza.

"Nimeona."

"Sasa mbona husemi?"

Akashusha macho. "Sijazoea kupaza sauti."

Delphine akaushika mkono wa mtu asiyemjua, akauinua juu na kupiga ukelele wa bingo uliomfanya bibi wa meza ya pili amwage chai. Zawadi ilikuwa batamzinga aliyeganda kama jiwe. Mwanamume akamwekea Delphine mapajani.

"Mchukue wewe. Mimi nikimpeleka ninakokaa, wanaume wanane watapigana. Ila na mimi nije kumla."

"Wewe huna aibu?"

"Ninayo. Lakini njaa imeizidi."

Jina lake Lorne Beardy. Alikuwa na wiki moja tu tangu aachiwe kwa masharti, baada ya miaka minne ya kifungo cha miaka sita, kwa kumpiga mtu vibaya katika ugomvi wa baa akiwa na miaka ishirini na mbili. Alikokaa ni Nyumba ya Mduara, ambako watu wetu, Wakrii na wenyeji wengine wa asili, wanaotoka gerezani hulala, hufanya kazi na kujifunza upya kuishi na watu. Delphine alipolisikia jina hilo alicheka, kwa sababu doria yake ya mchana, ile ya kusindikiza wazee na watoto mitaani, ilikuwa ya mradi huohuo. Serikali ya shirikisho ndiyo iliyolipia doria na nyumba, na fungu lake lilikuwa linangoja kuamuliwa upya mwezi Machi.

Basi yakaanza. Batamzinga akaliwa kwa dada yake Delphine. Wakatembea juu ya mto ulioganda, Lorne akianguka kila hatua ya tatu na Delphine akimcheka badala ya kumwinua. Simu ikawa haipoi.

"Umekula?" Lorne anauliza.

"Nimekula. Wewe umekuwa mama yangu?"

"Mama yako angekuuliza umekula nini. Mimi nauliza kama umebakiza."

Akawa anamwita nichimosi, neno la Kikrii wanalopeana wapendanao, na Delphine akisikia alikuwa anajifanya hajali huku masikio yamemwiva. Alimpenda. Wacha niseme wazi, alimpenda hadi akaogopa, maana kulikuwa na jambo hajamwambia. Kila siku alijiahidi kesho, na kesho ikija Lorne anacheka vizuri mno, basi linaahirishwa.

Jumapili moja ya wageni alikwenda Nyumba ya Mduara. Kwenye mlango wa friji, karatasi za wakazi zilikuwa zimebandikwa, kila mtu na masharti aliyoachiwa nayo. Lorne akamsomea ya kwake kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: asinywe pombe, asitoke mjini bila ruhusa. Alipofika la saba akacheka zaidi.

"Sikiliza hili. Nisishirikiane na mtu yeyote mwenye rekodi ya jinai, isipokuwa katika shughuli za mradi. Sasa humu ndani nitazungumza na nani, friji?"

Delphine hakucheka. Akasogea, akalisoma mwenyewe. Akiwa na miaka kumi na tisa aliendesha gari lililomngoja mpenzi wake wa wakati huo akiibia duka. Alifungwa miezi minane. Miaka kumi na moja imepita, na rekodi hiyo hakuwahi kuomba ifutwe. Mkurugenzi, Shangazi Verna, alimwajiri kwa sababu hiyohiyo, kwamba anaijua mitaa na mitaa inamjua. Serikali ikalipia watu kama yeye wawapokee watu kama Lorne, kisha kwenye karatasi ikawakataza wasipendane. Kila kikombe cha chai walichokunywa, kila hatua ya mtoni, ilitosha kumrudisha Lorne ndani kumalizia miaka miwili iliyobaki. Na akirudishwa mmoja tu, nani huko serikalini Ottawa angetia sahihi mwezi Machi?

Alisema kichwa kinamuuma, akaondoka. Hakupokea simu siku tatu. Ya nne akapokea, kwa sababu moyo nao una mipaka.

"Nichimosi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi niambie. Umeambiwa kuhusu yule niliyempiga, sivyo? Alivyobaki na jicho moja." Sauti yake ikashuka. "Unaniogopa."

Delphine angeweza kukanusha. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini akafikiri, Lorne akiamini hivyo atakaa mbali, na akikaa mbali yuko salama.

"Ndiyo," akasema. "Nakuogopa."

Lorne akamshukuru kwa kumwambia ukweli. Alimshukuru, jamani. Delphine alikata simu akalia amekaa sakafuni na koti la doria mwilini.

Wiki haikuisha, binamu yake akaweka mtandaoni picha za mtoni. Ilikuwemo moja ya Lorne amelala chali juu ya barafu, na msichana wa koti jekundu ameigeuzia kamera mgongo, mkia wa nywele unaning'inia. Jumatatu Shangazi Verna akampigia Delphine simu. Picha ilikuwa imefika kwa Bi Hartwig, afisa anayemsimamia Lorne, na alikuwa anataka kujua msichana huyo wa koti la doria ni nani, maana wengi wa doria wana rekodi.

"Kesho kwenye duara litaulizwa," Verna akasema. "Fikiri vizuri, binti yangu. Sitakusemea."

Duara lilikuwa kila Jumanne mchana, na mtu yeyote wa mradi hukaa. Bi Hartwig naye hukaa, na sweta lake la kijivu na kidaftari, kwani mkataba wa serikali ulitaka hivyo. Majani makavu yalifukizwa, kila mtu akajipitishia moshi usoni kujitakasa, kisha unyoya wa tai ukaanza safari yake, ukifuata njia ya jua. Anayeushika ndiye anayesema. Hakatizwi wala hajibiwi mpaka unyoya umfikie mwenye jibu. Anaweza kuupitisha kimya, lakini akisema, hasemi uongo.

Delphine alikuwa amevaa sketi yake ya riboni, ya bluu na njano, aliyoshonewa na mama yake. Kati yake na Lorne alikaa Kokum Isabel, bibi wa sisi sote, aliyekuwa akishika unyoya anasimulia mpaka chai inapoa.

Lorne akaupokea. Hakumtazama mtu.

"Mtu wa kwenye picha ni mimi," alisema. "Msichana simtaji. Ananiogopa, na ana haki. Naomba asisumbuliwe."

Unyoya ukaenda kwa Kokum, naye akaanza habari ya supu aliyopika mwaka mto ulipofurika. Delphine hakusikia hata kitunguu kimoja cha supu hiyo. Akinyamaza, afisa atamjua tu, kesho au keshokutwa, na itaonekana Lorne alificha. Akisema, huenda Lorne akaondoka na pingu mchana huuhuu. Unyoya ukatua mkononi mwake, mwepesi.

"Msichana ni mimi," akasema. "Na nilidanganya. Simwogopi Lorne hata kidogo. Nilifungwa miezi minane nikiwa na miaka kumi na tisa, sikumwambia. Hakujua. Niliposoma sharti la saba ndipo nikakimbia. Mnaotaka kumwadhibu mtu, niadhibuni mimi."

Aliupitisha. Sasa ngoja. Mpishi Emery akazungumza, akatafuta maneno, akakohoa. Wakazi wawili wakafuata. Shangazi Verna akasema sentensi moja tu, kwamba Delphine hajawahi kukosa siku ya kazi. Delphine alikuwa amekaza macho kwenye riboni za sketi, akihesabu pumzi zake. Lorne hakuweza kusema lolote, zamu yake ilikuwa imeshapita.

Bi Hartwig alipoushika alifunga kidaftari.

"Sharti linamkamata anayejua," alisema. "Lorne hakujua, kwa hiyo hajavunja kitu. Lakini sasa anajua. Kuanzia dakika hii, mkikutana nje ya mradi, nitalazimika kumrudisha. Nitaiandikia bodi iliyomwachia, niwaombee ruhusa. Sijui watasema nini."

Hivyo ndivyo ukweli ulivyomwokoa na kuwatenganisha papo hapo. Hakuna simu tena, wala mto. Ila duara ni shughuli ya mradi.

Wiki tisa walichumbiana hivyo, mbele ya watu kumi na moja na afisa wa serikali. Lorne anashika unyoya, anasema amejifunza kuteleza barafuni bila kuanguka. Kokum anasimulia. Delphine anaupokea, anasema waongo wamezidi siku hizi. Akina mama wa doria wakawa hawakosi Jumanne hata moja. Lakini akirudi nyumbani, Delphine alikuwa anaogopa kila bahasha. Ya Machi ikaja, fungu limeongezwa mwaka mmoja. Ya bodi haikuja.

Jumanne ya kumi Bi Hartwig aliingia na karatasi iliyokunjwa, na akaiweka mapajani. Hakuna aliyeuliza. Sheria ni sheria. Siku hiyo Verna aliuanzisha unyoya kwa Bi Hartwig, makusudi kabisa.

"Bodi imekubali," Bi Hartwig akasoma, na sauti yake haikuwa ya kazini. "Sharti la saba halimhusu Bi Delphine Okemow."

Unyoya ukazunguka hadi kwa Lorne. Alisimama, jambo ambalo hatufanyi, na mtu aliyekuwa hajazoea kupaza sauti akapaza hadi Emery akachungulia kutoka jikoni.

"Delphine, nataka nikuoe. Nimesema mbele ya wote ili nisiweze kuficha tena kitu. Basi."

Akakaa. Akampa Kokum unyoya, na Delphine moyo ukamwenda mbio, maana Kokum na unyoya ni nusu saa nzima. Alimwona bibi akiutazama, akifungua mdomo.

Kisha Kokum akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu duara lianze, akaupitisha bila neno.

Delphine akaushika kwa mikono miwili.

"Naogopa," akasema. "Naogopa sana. Lakini ndiyo."