Winchi wa Wodi ya Wanaume

Jamani, ninyi mnaoishi na muuguzi nyumbani, sogeeni niwaambie. Mwenzangu niliyefanya naye kazi wodi moja kwa miaka tisa alikuwa akirudi jioni, hata viatu hajavua, binti yake wa miaka mitatu anamjia mbio. "Mama, juu!" Anamnyanyua mpaka kichwa kinakaribia taa, wanacheka hadi mumewe anauliza kama chakula kitaliwa leo au kesho.

Wodini tulimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo bandarini. Kanuni inasema mgonjwa mzito hanyanyuliwi na mtu mmoja, lakini nani alikuwa na subira ya kumngoja mwenzake? "Mwiteni Winchi!" Na mimi nilikuwa wa kwanza kuita. Kila Jumatatu, kabla ya kupokezana zamu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha kukaza misuli ya tumbo na mgongo, na kusimama kwa mguu mmoja. Dakika kumi tu.

"Nisimame kama korongo, wagonjwa wananitazama?" Winchi alicheka. "Nguvu ninazo, bwana!"

Ukweli ni kwamba kwa mguu mmoja hakufikisha hata sekunde kumi. Tukacheka naye.

Mchana mmoja alikuwa anamhamisha mzee mnene kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Nikamwambia, "Ningoje, namalizia kugawa dawa."

"Ukimaliza nitakuwa nimeshamkalisha."

Akamnyanyua. Mzee akayumba, naye akayumba, asiweze kujizuia. Mzee aliangukia godoro, hakuumia. Mwenzangu aliangukia kiuno sakafuni, na ukelele ule sijausahau.

Sasa ni mwezi wa saba tangu aanguke. Juzi nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta amejilaza sebuleni. Mtoto alitoka chumbani mbio, akamwinulia mama yake mikono kama zamani, kisha akaishusha mwenyewe. "Mama anaumwa," akanieleza. Mama yake akageukia ukuta.

"Daktari anasema labda mwakani," aliniambia baadaye. "Lakini dada, huyu hanisubiri. Kila wiki anaongezeka. Siku nitakayopona atakuwa hataki tena kubebwa."

Akalia. Nami nikalia, kwa sababu natamani kuirudisha siku ile, niache dawa zangu nikamsaidie.

Siku hizi, kila asubuhi anashika fremu ya mlango na kuinua mguu mmoja. Binti ndiye anayemhesabia. Anajua mpaka tano tu, kisha anaanza tena moja.

FUNZO

Tuliwahubiria wagonjwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba, sisi wenyewe tukaziba masikio. Muuguzi mwenzangu, mgongo hauna spea. Fanya zile dakika kumi, na kwa mgonjwa mzito mngoje mwenzako. Nanyi mnaomsifu mtu kwa nguvu ili awabebee mizigo yenu, acheni. Wodini tulipata mnyanyuaji mwingine wiki ileile. Pale nyumbani kwake, mtoto hajapata mama mwingine wa kumwambia "juu".