Maziwa ya Fundi Cheche

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, Cheche alikunywa glasi ya maziwa. Mafundi wenzake walisema maziwa huondoa moshi wa chuma kifuani.

Lakini kwa wiki mbili sasa alikuwa anakunywa jagi zima.

"We mtoto, umerudi kunyonya?" shangazi yake akauliza. "Kwenye chai tutatia nini?"

"Kazi imezidi, shangazi. Moto umeniingia kifuani."

Moto ulikuwepo kweli, lakini si kifuani. Kila akienda haja ndogo, mkojo ulimuunguza mpaka akashika ukuta. Usaha nao ulimtoka. Cheche akaamini ni joto la kazi. Akavaa aproni mbili za ngozi, akawa anatembea kama kabati.

Siku moja muuguzi wa zahanati alikuja karakanani kuchukua dirisha aliloagiza. Alimkuta fundi anakunywa maziwa huku machozi yanamlenga.

"Kaka, una nini?"

Cheche alimvuta nyuma ya mageti, akamnong'oneza. Muuguzi hakucheka, ingawa zile aproni zilimjaribu sana.

"Huo si moto wa kazi, kaka. Hizo ni dalili za ugonjwa wa zinaa, huenda kisonono. Huambukizwa kwa kujamiiana bila kondomu. Maziwa hayautibu. Njoo upimwe, dawa ipo."

"Nitakuja kimyakimya. Mchumba wangu asijue."

"Yeye haumwi?"

"Haumwi popote! Anashona nguo zake, anaimba."

"Wanawake wengi hawaoni dalili, na kumbe ugonjwa unawaharibia kizazi. Ukitibiwa peke yako, atakuambukiza tena. Mtibiwe wote wawili."

Cheche aliogopa. Harusi ilikuwa mwezi ujao, na alimpenda sana yule binti.

"Ataniacha, dada."

"Pengine. Lakini mficha uchi hazai."

Cheche akaenda kwa mchumba wake, fundi cherehani. Alisimama mlangoni, mbali na mkasi, akasema yote.

"Nilikosa mara moja na mwanamke mwingine, na sikutumia kondomu. Nisamehe."

Binti alilia. Kisha akafuta machozi.

"Umeumwa tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Na wiki mbili dawa yako ni maziwa?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu! Naolewa na ndama!"

Walipimwa wote, na VVU pia, kwa sababu magonjwa ya zinaa hurahisisha kuambukizwa VVU. Kisonono walikuwa nacho wote wawili. VVU hawakuwa navyo. Muuguzi akawapa dawa, akawakataza kujamiiana mpaka wapone, na akawataka wapime VVU tena baada ya miezi mitatu.

"Basi na harusi ni baada ya miezi mitatu," binti akaamua. Cheche hakubisha.

Majibu ya pili yalipokuwa salama, wakaoana.

Siku hizi, fundi yeyote karakanani akiomba glasi ya pili ya maziwa, Cheche huzima mashine na kuvua miwani.

"Ndugu yangu," humuuliza taratibu, "unaungua wapi?"