Maboya Mafupi

Umewahi kumpa fundi kazi, halafu ukamwomba asiitengeneze vizuri?

Jasusi Sindano aliomba hivyo. Cha moto alikiona.

Pikipiki yake ya Yamaha ilikuwa bado inafuka joto mlangoni kwa mjomba wake. Alikuwa amemkimbiza tarishi wa wahaini vichochoro vyote mpaka akamtia pingu, na sasa kwapani alibana alichomnyang'anya: boksi la ndege ndogo ya mfano, ya kuunganisha. Ndege ya majini, ya kizamani, vipande vya resini, plastiki ngumu.

Ndani ya boya moja, mojawapo ya miguu yake miwili ya kuelea, mlikuwa na kidonge cha chuma. Ndani ya kidonge, namba za siri za kuzima umeme wa mji mzima, pamoja na hospitali zote.

Simu ikalia. Mkuu.

"Toa kidonge, weka kitupu. Ndege iwe mezani kesho, kwenye maonyesho."

"Na mnunuzi?"

"Sura yake hatuijui. Yeye ataijua ndege kwa kosa lake, maboya mafupi. Usibadilishe kitu."

Sindano akabadilisha kidonge, akaingia.

"Shikamoo, Mjomba. Nina haraka."

"Marahaba. Lini huna?"

Mzee huyu alikuwa fundi wa ndege halisi za namna hiyo tangu ujana mpaka kustaafu. Miwani yake ilifungwa kwa uzi mweusi. Akaligeuza boya, akaguna.

"Fupi. Ikitua majini itazamisha pua kama bata."

"Yaache hivyo hivyo."

"Na mkia huu! Jogoo aliyenyeshewa ana nafuu."

"Mjomba, we unganisha tu!"

"Basi kaa kidogo unishi..."

Simu tena. Sindano alikwisha toka.

Kesho yake mzee alimfuata kwenye ukumbi wa maonyesho, ndege imefunikwa kitambaa. Sindano akafunua.

Moyo ukamlipuka.

Maboya yalikuwa yamekatwa, yakaungwa, yakarefushwa, yakapigwa msasa hata ukucha usikute kiungo. Mkia umenyooka. Ila tone la gundi lilikuwa limechuruzika kwenye bawa, jambo lisilo la kawaida kwa mzee yule.

"Mjomba, umeniua!"

"Nimeirekebisha."

Redio ikakwaruza sikioni. "Ndege iko tayari?"

"Imeharibika, Mkuu. Imekuwa nzuri."

Hakukuwa na nyingine, na milango ilikuwa imefunguliwa. Sindano akaizunguka meza, akakaa, akasimama. Wapenzi wa ndege ndogo wakajaa, wakasifu mkia, wakasifu maboya.

Kisha akatokea bwana wa suti ya kijivu. Akainama. Akapima boya kwa shibiri. Uso ukambadilika.

"Niliambiwa maboya yake ni mafupi."

"Yalikuwa," mzee akajibu kwa fahari. "Nimeyaponya."

"Mimi nilitaka yale mafupi."

Kicheko kikapasuka ukumbini.

"Jamani, huyu anatafuta ndege inayozama!" mmoja akapaza sauti.

Macho yote yakamgeukia. Bwana akalowa jasho. Akalipa upesi, akaibeba ndege, akapotelea kwenye korido ya nyuma.

Sindano nyuma yake, kimya kama paka.

Mtu mwenye uhakika angeondoka na mzigo umefungwa. Huyu shaka ilimtafuna. Alipofika penye kona tu, akalivunja boya kwa goti.

Kidonge kikamdondokea kiganjani.

Bastola ya Beretta ikamgusa shingo.

"Taratibu," Sindano akasema. "Gundi haijakauka."

Askari kanzu wakamchukua. Kidonge kilipofunguliwa mbele yake, akaona hakina kitu, alilia kama aliyefiwa.

"Kwisha, Mkuu."

"Safi. Kuna gari linakusubiri nje."

Sindano akavaa miwani ya jua, akaelekea mlangoni bila kugeuka. Karibu amfikie dereva.

Kisha akatupa jicho nyuma, akamwona mjomba wake amepiga magoti koridoni, anaokota vipande. Kimoja kilimponyoka. Akakiokota. Kikamponyoka tena.

Akarudi, akachutama kando yake.

"Nitakununulia nyingine, Mjomba."

"Sitaki nyingine."

"Sasa unataka nini?"

Mzee akamnyooshea viganja vyake. Vilikuwa vinatetemeka kama majani.

"Tangu jana nilitaka ukae, mwanangu. Unishikie bawa, mimi nipake gundi."