Rodah Anunua Pampu ya Maji

Kila asubuhi, Kimeli na mkewe Rodah, wazazi wa Chepchirchir, walikamua ng'ombe wao wanne kule Ndanai. Kisha Kimeli alipakia maziwa kwenye pikapu yao kuukuu. Alipitia kwa majirani tisa, akabeba na maziwa yao hadi kiwanda cha maziwa cha Sotik.

Mwaka wa 1996, pampu ya maji ya kupoza injini iliharibika. Kimeli alinunua nyingine sokoni. Ilikuwa ya bei rahisi, bila boksi wala risiti.

Baada ya wiki tatu, gari lilichemka mlimani. Mvuke ulitoka, gari likasimama. Lilipovutwa hadi Sotik, jua lilikuwa kali na maziwa yameharibika. Kiwanda kiliyakataa yote.

Rodah mwenyewe alimwendea muuzaji wa pampu sokoni.

"Pampu yako imekufa baada ya wiki tatu tu!"

"Mama, una risiti?"

"Hukutupatia risiti."

"Sasa nitajuaje hii ni yangu?"

Rodah alirudi na hasira. Jirani yao, Otiende, alikuwa fundi wa magari katika kiwanda cha chai. Aliishika ile pampu, akaizungusha kwa kidole. Ilicheza kama jino bovu.

"Mama Chepchirchir, ona. Haina jina la kampuni. Haina namba. Aliyeitengeneza hataki kujulikana."

"Kwa hivyo tununue tu ya kampuni iliyotengeneza gari?" Kimeli aliuliza.

"Si lazima, Baba Chepchirchir. Kuna kampuni zingine zinatengeneza spea nzuri, na bei ni nafuu. Lakini uliza kama ina garanti. Yaani, ikiharibika mapema bila kosa lako, watakubadilishia? Kwa miezi mingapi? Waandike kwenye risiti. Boksi usitupe. Na ifungwe na fundi. Ikifungwa vibaya, watakataa kukubadilishia."

Wiki hiyo hiyo Rodah alikwenda Kericho. Katika duka la kwanza la spea, muuzaji alimwambia, "Hii ni nzuri, mama. Niamini tu."

"Nakuamini. Sasa andika."

Muuzaji alikataa. Rodah akatoka.

Katika duka la tatu alimkuta muuzaji aitwaye Bogonko. Huyu aliandika namba ya pampu, namba ya gari, tarehe, na garanti ya miezi sita. Otiende aliifunga pampu, akasafisha rejeta inayopoza maji ya injini, akaandika kwenye karatasi siku aliyoifunga.

Katika mwezi wa nne tangu pampu ifungwe, Rodah aliona maji yakidondoka chini ya gari.

"Usiwashe!" alimwambia Kimeli.

Siku hiyo maziwa yalibebwa na gari la jirani. Otiende aliifungua pampu. Raba ya kuzuia maji ilikuwa imepasuka.

Rodah aliipeleka Kericho ndani ya boksi lake. Bogonko alilinganisha namba na risiti.

"Ilifungwa na nani?"

Rodah alitoa karatasi ya Otiende. Bogonko aliisoma, akaitazama pampu tena.

"Hata spea nzuri, moja moja hutoka na kasoro," alisema. "Hii ni juu yetu." Akampa pampu mpya bila malipo.

Pampu hiyo ilifanya kazi kwa miaka mitatu. Maziwa yalifika Sotik kila asubuhi, mvua au jua.

Siku moja Bitutu, aliyekuwa na trekta ya kukodisha, alikuja kwa Rodah.

"Dada, nataka kununua betri. Nianze kuuliza nini?"

"Ngoja nivae viatu," Rodah alisema. "Tutauliza pamoja."