Kabla au Baada ya Kula

Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imejikunja mpaka mlangoni siku fundi lifti alipotokea, ovaroli ya bluu ikimpwaya, macho mazito. Mfamasia alimpa vidonge vya sonona, akamwambia vitachukua wiki nne au tano kuanza kumsaidia. Akaenda. Akarudi.

"Samahani dada, nimeze kabla au baada ya kula?"

Akajibiwa. Akarudi tena na swali lile lile. Mara ya tatu, foleni nzima ikaangua kicheko.

Siku hiyo aliondoka na namba ya mfamasia, na kufika wiki ya tano walikuwa wakipigiana simu asubuhi na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

Basi hapo ndipo balaa lilipoingia. Jamaa alikaa akapiga hesabu: dawa imekolea wiki ya tano, na mapenzi nayo yamekolea wiki ya tano. Akaacha vyote, vidonge na mwanamke, bila kuaga.

Siku kumi na moja simu haikupokelewa. Jamani, mfamasia alilia stoo, nyuma ya maboksi ya dripu. Siku ya kumi na mbili akapigiwa na dada wa fundi.

"Wifi, njoo. Hali, halali."

Alimkuta ameketi kitandani, ndevu zimemjaa, kizunguzungu kimemshika.

"Nilitaka kujua," fundi alisema, "nakupenda mimi, au kinakupenda kidonge. Sikutaka kukudanganya."

"Ungeniuliza! Sikiliza. Ubongoni kuna kemikali inaitwa serotonini. Seli moja inaitoa, inavuka kijinafasi, inapiga hodi kwenye seli ya pili. Huko kuna vipokezi. Hodi bila karibu ni kelele tu. Kipokezi kikiitikia, ndipo ujumbe unapoingia. Kidonge hakimleti mgeni wala hakifungui mlango. Kinamzuia tu asirudishwe alikotoka mapema. Anayeitikia ni wewe."

"Lakini wiki ya tano..."

"Na siku ya kwanza je?" Mfamasia alimkatiza. "Ulirudi dirishani mara tatu, pakiti haijafunguliwa. Ulikuwa hujameza hata kimoja!"

Machozi yakamtoka fundi, na hakuyafuta.

"Kesho nipeleke kwa daktari," alisema. "Nianze upya, anavyotaka yeye."

"Nitakupeleka."

"Dada wa dirishani."

"Abee."

"Nikuoe kabla au baada ya kupona?"

Mfamasia aliushika mkono wake.

"Kabla," alijibu. "Ila uliza tena. Bado mara mbili."